Kupunguza tanga kabla ya Tanga

Jumamosi, 29 Juni 2024. Victoria, Mahé

Tumeng'oa nanga saa nne asubuhi. Makaratasi ya kuondoka tuliyamaliza jana, maana leo Shelisheli wanasherehekea uhuru wao wa 1976 na ofisi zimefungwa. Mjini kote ni bendera. Sisi tunatoka na moja tu, ya Uholanzi, imechanika pembeni. Mama anasema ataishona tukifika. Ameanza kusema hivyo tukiwa Langkawi.

Tuko watatu. Mzee ni Mholanzi wa miaka 71, injinia mstaafu, nahodha na mwenye chombo. Mkewe namwita Mama, naye ananiita "mwanangu", neno alilolichukua kwa mama yangu mzazi siku ile naagwa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilianza kwa kibarua cha siku mbili cha kuwasugulia chombo pale Ras Kazone, nikaishia kuwa baharia wao kwa miezi kumi na tano. Chombo chenyewe ni yoti ya chuma, mita 12, mlingoti mmoja, matanga mawili.

Tulitoka Tanga Aprili 2023. Tukapita hapa hapa Mahé, tukaenda Gan, kusini kabisa mwa Maldivi, kisha Galle kule Sri Lanka, mpaka Langkawi, Malaysia. Kaskazi ya Januari ikatugeuza, tukarudi njia ile ile. Nikijumlisha kwenye ramani napata zaidi ya maili za baharini 7,500. Kutoka hapa hadi nyumbani zimebaki kama 980.

Sokoni nilinunua mashelisheli sita. Mzee akauliza kwetu tunda hili tunaliitaje. Nikamwambia: shelisheli. "Hapana, nauliza tunda, siulizi nchi." Nikarudia, akarudia, mpaka muuzaji akatucheka kwa Krioli. Aliposhika maana alifurahi kama mtoto. Akaliandika neno hilo kwenye daftari la chombo, chini ya hali ya hewa.

Jumapili, 30 Juni

Maili 128 hadi saa sita mchana. Nimetapika mara mbili. Wiki tatu za bandarini zimetosha mwili kusahau kila kitu, na Mama ananiletea tangawizi bila kucheka, jambo ambalo ni baya kuliko angecheka.

Asubuhi tuliziacha African Banks kushoto, visiwa vya mwisho vya Amirante kwa upande huu, mbali kiasi kwamba hatukuviona. Mbele yetu hakuna kitu mpaka Pemba.

Jumatatu, 1 Julai

Maili 139. Kusi ya kweli sasa, fundo 20, inatupiga kushoto kidogo nyuma ya ubavu, na chombo kimeukubali mwendo. Tumbo limetulia.

Mama hataki tuwashe taa za ndani usiku. Machi mwaka huu meli ya Bangladesh, MV Abdullah, ilitekwa kama maili 600 mashariki ya Mogadishu, na habari hiyo ilitukuta Maldivi. Mzee anamwonyesha kwenye ramani jinsi tulivyo kusini ya pale, kidole chake kikipima na kupima tena. Mimi sisemi kitu. Maharamia wa huko waliwafukuza wenye yoti kwenye pwani yetu kwa miaka mingi, na mstari wa "eneo la hatari" ulipofutwa na wenye meli 1 Januari 2023 ndipo watu kama hawa wakaanza kurudi Tanga. Bila mstari ule kufutwa nisingepata kazi hii. Taa tumezima.

Jumanne, 2 Julai

Maili 144, siku bora ya mkondo huu wa safari.

Zamu yangu ni ya saa nane usiku hadi saa kumi na moja. Tumezoea kukabidhiana kwa mambo matatu tu: upepo, meli, mwelekeo. Mzee anatoa kichwa mlangoni, ananong'ona, "Kusi mashariki, fundo 18. Hakuna meli. Mia mbili na sitini na tano." Mimi najibu, "Nimepokea." Hapo ndipo anaporuhusiwa kulala. Katika miezi kumi na tano sijamwona akilala kabla ya neno hilo.

Karibu na saa kumi Kilimia, kile kikundi cha nyota, kilichomoza nyuma ya chombo, na hilali nyembamba ya mwisho wa mwezi ikaja ikakaa karibu yake. Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi ya Pangani. Alipakia boriti za mikoko akaenda nazo Lamu, na mara kadhaa hadi Mukalla, kule Yemeni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sikumbuki tulikiacha kikizama kwa kitu gani. Miezi ya tanga mbili, kaskazi ikiachia kusi, tulikuwa Gan tukibandua kutu.

Mchana tukavua fulusi. Samaki huyu ana ubaya mmoja: anakufa mbele ya macho yako kwa rangi. Anatoka majini dhahabu na kijani, baada ya dakika mbili ni wa kijivu kama bati. Nimempika kwa tui, na shelisheli la kuchemsha. Mzee kala sahani tatu.

Jumatano, 3 Julai

Maili 141. Nimekaa na ramani, kwa sababu sasa hesabu ina maana.

Mtu asiyejua angedhani unatoka Mahé, unaelekeza omo, pua ya chombo, Tanga, basi. Lakini karibu na pwani yetu kuna mkondo unaokwenda kaskazini, na wakati wa kusi unakwenda kwa nguvu: fundo tatu, pahala pengine nne. Chombo chetu chenyewe kinakwenda sita. Ukilenga Tanga moja kwa moja utajikuta Mombasa unaitazama Tanga kwa nyuma, upepo na maji vyote vikikukataza kurudi. Kwa hiyo unalenga chini. Sisi tunalenga mlango wa bahari kati ya kichwa cha kusini cha Pemba na Ras Nungwi ya Unguja. Tukishaingia ndani, mkondo huo huo utatubeba juu hadi Tanga.

Mlango huo hauingiwi usiku ikiwa una hiari. Pemba iko chini, imezungukwa na miamba, na wavuvi wengi hawana taa.

Basi, hesabu. Hadi mlangoni zimebaki maili 383. Kwa mwendo huu tutafika pale Jumamosi saa kumi za alfajiri, tusubiri kidogo kupambazuke, na mchana tuko Tanga. Nilimwonyesha Mzee karatasi. Haikuwa na kosa, nilijua haina kosa. Akaitazama muda mrefu akasema, "Vizuri sana," akanirudishia.

Saa moja jioni akapanda juu na kusema tupunguze tanga kubwa, mkunjo wa kwanza. Upepo ulikuwa fundo 17. Kwa fundo 17 hatujawahi kupunguza tanga hata siku moja.

Alhamisi, 4 Julai

Maili 118. Naandika nikiwa na hasira, nitasamehewa.

Hakuna mawingu. Kusi imepoa hadi 15. Tanga bado limekunjwa, na chombo chenye tanga dogo kwenye mawimbi haya hakitulii, kinayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Sufuria imemwagika. Nimeuliza mara mbili kama tufungue mkunjo. Mara ya kwanza Mzee alisema mlingoti unalia na anataka kuusikiliza. Mara ya pili alisema anga ya kusini haimpendezi. Nikaitazama anga ya kusini. Ilikuwa anga.

Mama yangu ana presha. Dada yangu amejifungua mtoto ambaye sijamwona. Kila maili iliyopotea ninaihesabu kama mtu anayehesabiwa chenji pungufu.

Ijumaa, 5 Julai

Nianze na usiku.

Saa nane alinikabidhi Mama, si Mzee, kwa sababu goti lilikuwa limemkamata. Akataja upepo, meli, mwelekeo. Nikasema nimepokea. Lakini hakushuka. Akakaa karibu na usukani, amejifunga shuka, akasema, "Mwanangu, kama unataka kulifungua tanga, fungua. Amelala. Akiamka hatasema neno."

Nikamuuliza anaumwa nini Mzee. Akaniambia haumwi. Akanikumbusha Galle. Kule tulikaa juu ya ukuta wa ile ngome ambayo Waholanzi waliwanyang'anya Wareno 1640, tukila muwa, na Mzee akatangaza kwamba safari hii ni ya mwisho: goti, macho, na daktari wao wa Rotterdam. Chombo kitauzwa. "Sisi Waholanzi hatujui wakati wa kuondoka," alisema siku ile, "mimi nataka niujue." Tulicheka. Mimi nililichukua kama neno la mtu aliyeshiba. Mama akaniambia kwamba Mzee amekaa kwenye chombo hiki miaka 22, na kwamba tangu Mahé halali hata baada ya kukabidhi zamu. Anajilaza macho wazi. Kisha akashuka.

Nikabaki na kamba mkononi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani: maili 200 hadi mlangoni, nikilifungua sasa tunafika pale Jumamosi saa tano asubuhi, na mkondo unatutia Tanga kabla ya magharibi. Bado ilikuwa inawezekana. Kazi ni ya dakika nne. Nimeifanya usiku peke yangu mara nyingi, na mvua juu.

Sikuifanya.

Nataka niandike kwamba nilimhurumia Mzee. Nilimhurumia, ndiyo. Ila kamba sikuiachia kwa ajili yake. Niliwaza Jumamosi jioni, mtaani kwetu, watu wamejaa ukumbini, na swali ambalo nalijua kabla halijaulizwa: umeleta nini? Nimeleta viganja vigumu, na akiba ambayo haitanunua hata nusu ya bodaboda. Najua kushona tanga, kusoma mawingu, kumwamsha mtu bila kumshtua. Huku baharini mimi ni mtu ambaye watu wawili wanalala kwa sababu yupo macho. Kule Ras Kazone niliwaachia ndoo na brashi. Nikafunga kamba pale pale ilipokuwa, nikakaa, nikatazama dira mpaka kukapambazuka.

Saa sita mchana: maili 112. Zimebaki 153, na sasa Mzee ana sababu safi kabisa. Kwa mwendo wa kawaida tungefika mlangoni Jumamosi mchana na kuingia Tanga usiku. "Hatari," akasema. "Bora tupunguze zaidi, tuingie Jumapili alfajiri." Mkunjo wa pili. Nikamsaidia kuufunga na wala sikuguna.

Leo pia tumerudisha saa nyuma, kutoka saa ya Shelisheli hadi ya Tanzania. Saa moja ya bure. Tumebishana iongezwe kwenye zamu ya nani, na wote watatu, kwa mara ya kwanza, tulikuwa tunaitaka.

Jumamosi, 6 Julai

Hakuna la kuandika na nimeliandika nusu siku. Tunakwenda fundo tatu na nusu. Panzi wa bahari wawili wamekutwa wamekufa juu ya sitaha. Mama ameishona bendera.

Saa mbili usiku, mwanga wa kwanza wa meli baada ya siku sita, wa meli ya mizigo inayokwenda kusini.

Jumapili, 7 Julai. Mlango wa Pemba

Mnara wa Nungwi ulijitokeza kushoto kabla ya zamu yangu kwisha, kwanza kama upepesi tu juu ya maji, baadaye taa kamili. Mwezi hakuna, giza la mwandamo. Kulipopambazuka Pemba ilikuwa kulia, mstari wa kijani uliolala. Wasimulizi hupenda kusema harufu ya karafuu hukupokea baharini. Kusi ilikuwa inaipeleka harufu ya Pemba Mombasa. Sisi tulinusa dizeli yetu wenyewe.

Simu ikapata mtandao. Ujumbe wa wiki nzima ukamiminika mpaka simu ikaganda. Nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi?"

"Nungwi. Naiona."

"Basi umefika."

"Bado, mama."

"Umekula?"

Mlangoni tukakutana na mashua ya wavuvi wa Pemba, watu watano, tanga lao limetiwa viraka vya gunia, limejaa upepo mpaka mwisho. Walitupita karibu. Nilikuwa sijasikia Kiswahili cha mtu mzima ana kwa ana tangu Aprili ya mwaka jana.

"Asalaam aleikum!"

"Waaleikum salaam! Mwatoka wapi nyie?"

"Shelisheli!"

"Na wewe mtu wa wapi?"

"Tanga!"

Mzee mmoja aliyeshika shikio akalitazama tanga letu lenye mikunjo miwili, akatazama bahari, akanitazama mimi. "Tanga ndiko huko," akasema akinyoosha mkono. "Mbona mwaenda kama mwaiogopa?" Wenzake wakaangua kicheko, na wakatuacha nyuma.

Mzee wetu akauliza wamesema nini. Nikamwambia wanatusalimu. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa, kisha akaendelea kuwatazama mpaka tanga lao la viraka likawa doa. "Fungua," akasema. "Yote miwili."

Ndani ya mlango mkondo ukatukamata. Siku tatu tulizokuwa tunaibaibia saa, maji yakazirudisha kwa asubuhi moja: kasi juu ya ardhi fundo nane, nane na nusu. Hakuna aliyesema kitu. Saa sita mnara wa Ulenge. Nyuma yake Chongoleani, na gati la bomba la mafuta ghafi litakalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, limesogea ndani ya bahari kuliko nilivyoliacha. Halafu upepo ukaleta kutoka Mwambani harufu ya tope la mikoko maji yakipwa. Ilinipata vibaya. Ilibidi nijifanye nakagua nanga.

Saa saba na robo, nanga chini, mbele ya Ras Kazone. Mzee alizima mashine mwenyewe. Alishika ufunguo mkononi kitambo, kama mtu aliyesahau mfuko uko wapi.

Leo ni Jumapili, na tena ni Sabasaba. Tumepandisha bendera ya njano, na mpaka maofisa wa afya, uhamiaji na forodha watupitie kesho, hakuna anayeshuka. Saa kumi mama akaja ufukweni na dada na mtoto. Tulikuwa mbali kama mita mia mbili. Tukazungumza kwa simu huku tunaonana. Akavua mtandio akaupunga. Mzee akaniletea darubini, akaenda kukaa upande wa pili wa chombo.

"Umekonda," mama akasema.

"Mama, unanionaje huko?"

"Nakuona."

Jumatatu, 8 Julai

Maofisa walikuja saa tatu, watu wema, walikunywa soda. Saa tano muhuri ukagongwa. Nikashuka kwenye kiboti na begi moja, na Mama akanipa ile bendera iliyoshonwa. Amesema wana nyingine. Mzee alinipa mkono akaanza kuniambia jambo kuhusu kichujio cha mafuta, jinsi kinavyotakiwa kubadilishwa. Alinieleza mpaka mwisho. Nilikijua kichujio hicho kuliko yeye.

Ufukweni ardhi ikaniyumba. Nilimshika dada bega, akadhani nalia.

Alhamisi, 11 Julai. Nyumbani

Swali limeulizwa. Limeulizwa mara tisa. Nimejibu kila mara tofauti, na jibu lililowaridhisha zaidi ni la fulusi anavyobadilika rangi.

Siwezi kulala chumbani. Kitanda hakisogei, na kimya chake kinanifanya nisikilize kitu ambacho hakipo. Usiku wa kwanza nilizinduka saa nane kasoro, nikavaa koti, nikawa nimesimama uani kabla sijajua niko wapi. Usiku wa pili nikahamia barazani na mkeka. Bibi alinikuta huko alfajiri akienda kutawadha. Hakushangaa. Akasema babu yako alikuwa akirudi hulala hapo hapo siku saba, nane, na kwamba yeye wakati ule, mke kijana, alidhani mumewe ameoa mwingine huko Mukalla. "Kumbe?" nikamuuliza. Akasema sijui, sikumuuliza. Akaendelea na birika lake.

Jana usiku nilikuwa macho tena. Chombo kiko palepale Ras Kazone, kinasubiri mtu wa kukitazama. Saa nane na dakika mbili simu ikawaka mkekani. Ujumbe wa Mzee, kwa Kiingereza chake kifupi: Kusi mashariki, fundo 8. Hakuna meli. Kuhusu mwelekeo alikuwa ameacha nafasi wazi.

Nikaandika: Nimepokea.